Namna ya kuandika jarida la barua pepe ambalo wachangiaji watalisoma

Majarida mengi ya mashirika yasiyo ya kiserikali huandikwa kuwafurahisha watu wa ofisini. Picha ya kwanza ni mgeni rasmi anakata utepe, ya pili ni washiriki wa warsha wamejipanga mbele ya bango, kisha zinafuata salamu za mkurugenzi. Mtu aliyetuma shilingi 20,000 kwa simu mwezi uliopita anafungua, anatafuta hela yake imefanya nini, haoni, anafunga. Toleo la tatu halifungui kabisa.

Jarida ni hesabu unayompelekea aliyetoa. Ukilishika hilo, maamuzi mengi yanakuwa mepesi: kipi kiingie, kipi kiachwe, aanze kutajwa nani. Warsha ya wadau inaingia ikiwa tu kuna kitu ilichobadilisha kwa watu mnaowahudumia. Mgeni rasmi anawekwa kwenye ripoti ya mwaka.

Kukusanya habari

Jarida bovu huanzia hapa. Mwandishi anakaa ofisini siku ya mwisho, hana kitu kipya, anachota maneno kwenye andiko la mradi. Wiki mbili kabla ya kutuma, mwombe afisa aliye uwandani akujibu maswali manne, hata kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp: Nini kimebadilika tangu toleo lililopita? Kimebadilika kwa nani? Kimegharimu kiasi gani? Nini kimekwama, na kwa nini?

Swali la nne ndilo watu hulikwepa, na ndilo linalojenga imani kuliko yote. Mchangiaji anajua bei zinapanda na mvua zinakata barabara. Akisoma mwaka mzima kwamba kila kitu kimekwenda vizuri, anaanza kushuku.

Chagua jambo moja kwa kila toleo. Ukiwa na matano, una matoleo matano. Maneno 250 hadi 400 yanatosha, maana wengi watasoma kwenye simu wakiwa kwenye daladala au foleni ya benki.

Kuandika mwili wa barua

Tuseme shirika lako linajenga vyoo vya wasichana katika shule ya msingi. Aya ya kawaida huwa hivi:

"Shirika letu limeendelea kutekeleza mradi wa uboreshaji wa miundombinu ya usafi wa mazingira shuleni kwa kushirikiana na wadau mbalimbali."

Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini haina kitu mtu anachoweza kukiona. Linganisha na hii, yenye takwimu za mfano:

"Matundu sita ya choo cha wasichana yamekamilika. Milango inafungwa kwa ndani, maji ya bomba yanatoka, na kuna chumba cha kubadilishia taulo za kike. Tuliwaahidi matundu manane. Mawili yamebaki msingi tu, kwa sababu bei ya saruji ilipanda katikati ya ujenzi. Shilingi 1,900,000 zitayamaliza kabla shule hazijafunguliwa."

Ya pili ina hesabu, ahadi ya awali, upungufu na sababu yake, kiasi kinachotakiwa na tarehe ya mwisho. Hakuna "kuwajengea uwezo", hakuna "afua", hakuna "walengwa". Maneno hayo ni ya ripoti ya mfadhili mkubwa; mchangiaji wa kawaida hayatumii nyumbani kwake.

Mpe msomaji sehemu yake katika habari. "Mchango wako ulinunua mabati" ni bora kuliko "shirika lilifanikisha ununuzi wa mabati", ila sema hivyo pale tu ilipo kweli. Kama fedha zote zinaingia mfuko mmoja, andika "michango yenu" na usimpe mtu mmoja bati ambalo huwezi kumwonyesha.

Usiombe katika kila barua. Uwiano wa barua tatu za kutoa hesabu kwa moja ya kuomba ni wa busara kwa shirika dogo. Na ukiomba, omba kitu kimoja. Barua inayoomba mchango, watu wa kujitolea, kura na ufuasi wa Instagram kwa pamoja humwacha msomaji bila cha kufanya.

Mada, jina la mtumaji na salamu

Simu nyingi huonyesha herufi 35 hadi 40 hivi za mwanzo wa mada. "Jarida la Robo ya Pili, Toleo Na. 7" inamaliza nafasi yote bila kusema neno. "Matundu sita tayari, mawili bado" inatosha kwenye kioo na inamfanya mtu atake kujua. Usiandike mada kwa herufi kubwa tupu, wala usitumie "HARAKA!!!" pasipo na haraka.

Chini ya mada hutokea mstari mdogo wa utangulizi. Usipoujaza mwenyewe, programu ya barua huchukua maneno ya kwanza inayoyakuta, na mara nyingi ni "Kama huoni barua hii vizuri, bonyeza hapa". Andika hapo sentensi moja inayoendeleza mada.

Kwenye jina la mtumaji weka la mtu pamoja na la shirika, na anwani ambayo kuna mtu anaisoma. Wachangiaji hujibu majarida: wanauliza, wanapongeza, wanalalamika, wanasema wamehama. Anwani isiyopokea majibu inayatupa hayo yote.

Salamu yenye jina ni nzuri ikiwa orodha ni safi. Majina yaliyonakiliwa kutoka kwenye taarifa za miamala ya simu huja kwa herufi kubwa, na pengine ni ya aliyetumwa kulipa, si ya mchangiaji mwenyewe. Pitia safu ya majina kwa macho, kisha weka neno la akiba kama "Ndugu mchangiaji" kwa wasio na jina. La sivyo mtu atapokea "Habari ," ikifuatiwa na pengo.

Kuomba mchango ili utumwe kweli

Namba ya malipo iandikwe kama maandishi ili mtu aweze kuinakili, isifichwe ndani ya picha. Taja mtandao, namba yenyewe, kumbukumbu ya kuweka, na jina litakalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Hilo la mwisho ni muhimu mno. Watu wameibiwa sana kwa simu, na jina wasilolitarajia likitokea wanaghairi. Kama Lipa Namba au Paybill imesajiliwa kwa jina la zamani la shirika au la mdhamini, lieleze mapema katika mstari huohuo.

Kwa walio nje ya nchi weka kiungo cha kulipa kwa kadi. Usimwahidi mchangiaji aliye Marekani nafuu ya kodi isipokuwa mchango unapitia taasisi inayotambuliwa huko chini ya kifungu cha 501(c)(3) cha sheria yao ya kodi, kinachohusu mashirika ya hisani.

Kitufe kiseme kinachofanyika: "Changia matundu mawili", si "Bonyeza hapa".

Picha

Picha moja nzuri inatosha, ya upana wa pikseli 600 hadi 1,200 na uzito usiozidi kilobaiti 200; msomaji analipia bando. Iandikie maelezo mbadala, kwa sababu programu nyingine huzuia picha hadi msomaji aruhusu, na asiyeona husomewa maelezo hayo na simu yake. Kosa lililoenea ni kutuma bango zima kama picha au jarida kama kiambatisho cha PDF. Picha ikizuiwa, barua inabaki nyeupe, na PDF ya megabaiti nane wengi hawaipakui.

Kwa mtoto, pata ridhaa ya mzazi au mlezi kwa maandishi, na usiweke pamoja sura, jina kamili na jina la shule. Mtu mzima aonyeshwe picha na aambiwe itakwenda wapi kabla hajakubali. Na usichague picha inayomdhalilisha mtu kwa sababu inaleta hela. Jiulize kama ungekubali mama yako aonekane hivyo kwa wageni 3,000.

Orodha na sheria

Karatasi ya mahudhurio ya warsha si ridhaa. Watu walisaini kwa ajili ya posho na kumbukumbu. Vivyo hivyo, aliyetuma mchango kwa simu hajakuruhusu kumwandikia kila mwezi. Muombe anwani na ruhusa. Kwenye fomu weka kisanduku cha peke yake: "Nakubali kupokea barua pepe kuhusu kazi za shirika hili", kisiwe kimewekwa tiki tayari, na utunze tarehe aliyokubali.

Kenya na Uganda zina sheria za ulinzi wa data tangu 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika 1 Mei 2023, na inawataka wakusanyaji wa taarifa wajisajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kuweka anwani zote kwenye Cc, kila mtu akaona za wenzake, ni kuvujisha taarifa za watu, hata kama ni bahati mbaya.

Kama una wasomaji wa Kiswahili na wa Kiingereza, gawa orodha mara mbili. Barua yenye lugha mbili ndani yake huwa ndefu maradufu kwa kila mmoja.

Kwa nini barua huishia kwenye barua taka

Akaunti ya kawaida ya Gmail hutuma kwa watu 500 kwa siku. Ya Google Workspace, huduma ya kulipia ya mashirika na kampuni, ni 2,000. Hata ukiwa chini ya hapo, tumia huduma ya kutuma majarida, na utume kutoka anwani ya kikoa chako (jina la shirika kwenye mtandao), kwa mfano inayoishia .or.tz au .or.ke. Ukitumia huduma hizo kwa anwani ya @gmail.com, mifumo inayopokea inaona barua inadai imetoka Gmail lakini imetoka kwingine, na inaishuku.

Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti. Kikoa kinahitaji angalau rekodi ya SPF (orodha ya mifumo inayoruhusiwa kutuma kwa jina lake) au DKIM (saini ya kidijitali inayothibitisha barua imetoka kwake), na anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima awe na zote mbili, pamoja na DMARC (maelekezo ya nini kifanyike barua isipofaulu ukaguzi huo) na njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Weka zote hata ukiwa mdogo. Malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3, lenga chini ya 0.1. Kwa watu 1,000, hiyo ya pili ni mtu mmoja. Ndiyo maana kiungo cha kujiondoa kiwe wazi: asiyekiona atabonyeza "barua taka".

Kosa la kiufundi linalojirudia ni kuwa na rekodi mbili za SPF. Fundi anaongeza huduma mpya kwa mstari mpya, na tangu hapo zote mbili hazifanyi kazi. Rekodi ni moja tu. Huduma mpya huongezwa ndani yake kwa "include". DMARC ianze na p=none, yaani barua zisizofaulu zisizuiwe kwanza, usome ripoti zinazotumwa na mifumo inayopokea kwa wiki kadhaa, ndipo ukaze.

Ukinakili maandishi kutoka Word, bandika bila mitindo. Word huleta msimbo mwingi usioonekana, na Gmail hukata barua inapozidi kilobaiti 102 hivi. Kinachokatwa ni mwisho wake, penye namba ya malipo na kiungo cha kujiondoa.

Saa ya kutuma na kupima

Kwa orodha yenye watu wa Dar es Salaam, London na New York, saa kumi jioni ya Afrika Mashariki inafaa: New York ni saa mbili au tatu asubuhi kutegemea majira, na London ni mchana. Barua ya kuomba itume baada ya mishahara kutoka, na uepuke Januari, mwezi wa ada.

Usitegemee asilimia ya waliofungua. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple hupakua picha yenyewe, na barua huhesabiwa imefunguliwa hata kama haijasomwa. Hesabu mibofyo, majibu, waliojiondoa, na michango yenye kumbukumbu ya toleo hilo. Kwa orodha ya watu 300, tofauti ya mibofyo mitano haina maana. Tazama mwenendo wa matoleo manne au matano.

Anwani zisizokuwepo ziondoe mara moja. Asiyebofya wala kujibu kwa miezi 12 mwandikie barua moja ukimuuliza kama bado anataka, kisha mwondoe akikaa kimya.

Kabla ya kutuma, jitumie barua, ifungue kwenye simu ya bei nafuu kwa data ya simu, ukiwa umezima picha. Bofya kila kiungo. Tuma shilingi 1,000 kwa namba uliyoandika, ulinganishe jina linalotokea, na uhakikishe mhasibu ameiona. Kosa la namba likigunduliwa baada ya kutuma, tuma barua fupi siku hiyohiyo, mada ikianza na "Marekebisho:", namba sahihi ikiwa mstari wa kwanza.