Kutafuta shimo la jaribio la nyuklia kwa magnetomita, tujifunzie hapa Nakuru

Nchi ikilipua bomu la nyuklia chini ya ardhi halafu ifukie shimo, bado linaweza kupatikana. Mkataba wa CTBT, ule wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia, ambao Kenya iliuridhia 2000, unapanga wakaguzi wapewe eneo lisilozidi kilomita za mraba 1,000. Kwanza wanategesha seismomita wasikilize mitetemo midogo ya baada ya mlipuko na wanapima gesi kama agoni-37, lakini hiyo inapungua nusu kila siku 35. Chuma hakiendi popote, yale mabomba na nyaya zilizoshushwa shimoni zinabaki huko chini, na magnetomita, yaani kifaa cha kupima nguvu ya sumaku, inazihisi.

Kwa mazoezi, tafuta shamba lenye kisima cha zamani kilichofunikwa, bomba la chuma likiwa bado ndani, na uombe ruhusa kwa mwenyewe.

Hatua ya 1: toa simu, funguo, mshipi, buti za chuma. Kaa mbali na mabati na waya wa fensi. Usipuuze hii, nimeshaona kazi ya siku nzima ikitupwa kwa sababu ya kisu kidogo mfukoni.

Hatua ya 2: acha magnetomita moja mahali pamoja ijisomee kila dakika. Hapa kwetu uga wa sumaku wa dunia ni kama nanotesla 33,000 hivi (nanotesla ndiyo kipimo chake), na jua likipanda unapanda kwa makumi ya nanotesla, sasa usipoondoa hiyo utachora jua ukidhani ni chuma.

Hatua ya 3: vuta kamba, laini ziachane mita 5, tembea na magnetomita ya pili ukisoma kila mita 1, kihisi kikiwa kimo kilekile.

Hatua ya 4: toa somo la ile iliyokaa kutoka kwa la kutembea, dakika kwa dakika, halafu chora ramani.

Hatua ya 5 ndiyo ngumu, na ndiyo naipendea Menengai, ile volkano ya hapa Nakuru, mawe ya volkano yenyewe yana sumaku! Bomba linatoa kilele kikali chembamba kinachozimika mita chache pembeni, lava inatandaza mawimbi mapana. Ukishuku ni jiwe la juujuu, inua kihisi mita moja upime tena, la jiwe litashuka ghafla, la bomba refu litashuka polepole.

Hatua ya 6: piga kigingi, pitisha rada ya ardhini hapo hapo. Kwa mkataba, kuchimba lazima wengi wa wanachama 51 wa Baraza Tendaji la mkataba wakubali, kwa hivyo kabla ya kuomba ruhusa hiyo rudia laini mbili za katikati, safari hii ukitembea kutoka upande wa pili.