Kununua santuri za Loudness bila kukosea toleo

Ukiletewa santuri ya Loudness, kabla ya kuuliza bei uliza toleo. Bendi hii ya hevi metali kutoka Osaka, iliyoanza mwaka 1981, ilipoanza kuwinda wasikilizaji wa nje ilitoa baadhi ya albamu zake kwa sura mbili, ya Japani na ya kimataifa. Wanunuzi wengi hunaswa hapo.

Thunder in the East ya 1985 haina mtego huo. Ilirekodiwa Marekani chini ya prodyuza Max Norman, aliyekwisha kufanya kazi na mwimbaji wa hevi metali Ozzy Osbourne, na imeimbwa kwa Kiingereza hata kwenye nakala za Japani. Ilifika nafasi ya 74 kwenye chati ya albamu ya Billboard, jarida la muziki la Marekani. Lebo, ile karatasi ya katikati ya santuri, ikiwa ya Atco ni nakala ya Marekani, ikiwa ya Nippon Columbia ni ya Japani. Kama huna hata moja, anza na hii.

Mtego uko 1986. Lightning Strikes ya soko la nje na Shadows of War ya Japani ni albamu moja: miksi, yaani jinsi sauti zilivyochanganywa, imebadilishwa na nyimbo zimepangwa upya. Hata wimbo uitwao “Shadows of War” kule Japani, nje umeitwa “Ashes in the Sky”. Asiyejua hulipa mara mbili akidhani amepata kitu kipya. Mwenye sikio la miksi atafurahia kuwa nazo zote. Wengine moja inatosha.

Disillusion (1984) na Hurricane Eyes (1987) ni kinyume chake: jina moja, lugha mbili. Majina ya nyimbo hayasaidii, maana hata kwenye toleo la Kijapani yameandikwa kwa Kiingereza. Mwombe muuzaji picha ya karatasi ya mashairi. Kuona tu herufi za Kijapani hakutoshi, uliza zaidi, kwani nakala za Japani huweza kubeba tafsiri pembeni. Dawa hasa ni video ya nusu dakika, sindano ikiwa juu ya santuri na mwimbaji Minoru Niihara akisikika.

Halafu hali yake. Omba picha iliyopigwa chini ya taa kali, santuri ikiwa imeinamishwa kidogo. Ikipigwa kutoka juu moja kwa moja mikwaruzo hujificha. Vijistari vyembamba kama unywele mara nyingi havisikiki, lakini mkwaruzo unaokwama kwenye ukucha utagonga kila mzunguko. Obi, ule utepe wa karatasi unaozunguka jalada la Kijapani, hupandisha bei tu. Kwenye sauti hauongezi kitu.

Kwa usafirishaji, mwambie muuzaji atoe santuri ndani ya jalada na kuiweka nyuma yake, ikiwa kwenye mfuko wake wa ndani. Ikiachwa ndani huruka njiani na kupasua mshono wa jalada. Ikifika, isimamishe wima mbali na jua. Ikilazwa kwenye rundo mahali penye joto hujipinda.

Kusafisha: changanya sehemu 4 za maji yaliyokenekwa na sehemu 1 ya alkoholi ya isopropili. Maji ya bomba huacha chumvi ndani ya mifereji, ile mistari inayofuatwa na sindano, na chumvi hiyo huweza kusikika kama mikwaruzo. Futa kwa kitambaa laini ukifuata mzunguko, usifute kwa kukatiza mifereji, wala usilowanishe lebo. Isimamishe hadi ikauke kabisa.

Uzito wa sindano, yaani inavyokandamiza santuri, soma kwenye maelezo ya katriji yako, kile kifaa kidogo kinachoshika sindano; nyingi hutaka kati ya gramu 1.5 na 2. Kuipunguza ukidhani unailinda santuri ni kosa, kwa sababu sindano nyepesi mno hurukaruka na kuchimba kuta za mfereji. Jaribu na “Never Change Your Mind”, wimbo wa mwisho wa Thunder in the East, ulio karibu na lebo. Kama herufi “s” za Niihara zinachachatika hapo lakini ni safi kwenye nyimbo za mwanzo wa upande huo, usimlaumu muuzaji kwanza. Legeza skrubu 2 za katriji, uipange upya kwa kipimo cha kupangia katriji, kisha usikilize tena.