Ganda la risasi ya .308 limetoka kwenye dai (die, kile chuma cha kulibana ganda lililopigwa lirudi saizi yake) na bado bolti ya bunduki inagoma kufunga?

Kwa wale mnaojaza risasi za rifle wenyewe hapo Marekani, ganda likigoma kuingia chemba ya bunduki baada ya kusaizi usikimbilie kulaumu dai, mara nyingi dai haijashushwa vya kutosha tu. Dai ikianza kubana mwili wa ganda, shaba inasukumwa juu, kwa hiyo bega (pale ganda linapopungua kuelekea shingo) linapanda mbele kabla halijarudishwa nyuma, na ukiishia hapo katikati ganda linakuwa refu kuliko lilivyotoka kwenye bunduki 😅 Shusha dai kidogo kidogo, tena kidogo kweli, maana uzi wake wa skrubu ni 14 kwa inchi, mzunguko mzima ni kama inchi 0.071, robo tu ushapitiliza. Pima bega kwa kalipa na komparata (kipande kinachofungwa kwenye kalipa ili kipime hadi begani) kila ukigusa dai. Bunduki ya bolti ya mkono rudisha bega inchi 0.001 hadi 0.002, semi-auto (inayojipakia yenyewe) 0.003 hivi. Ukizidisha, ganda linavutika kila likipigwa na mwisho linakatika karibu na kitako, ukiona mstari unaong'aa pale chini tupa, usibembeleze.

Mafuta ya kupaka ganda kabla ya kusaizi nayo: yakiwa mengi begani yanaacha vibonyeo, yakiwa machache mwilini ganda linanasa ndani ya dai na hapo jioni yako imeisha. Kale katundu ka kutolea hewa kwenye dai kasafishwe pia, watu wengi hata hawajui kapo.