Mvule uani: kutoka mbegu hadi kivuli

Pita kwenye ofisi na nyumba za wageni za Lindi na Mtwara, utakuta miti ileile: miashoki mstari mmoja, mwarobaini, mkrismasi, na mkungu wa kuegeshea gari. Yote hiyo ni ya kuja, kutoka Asia na Madagaska. Mvule ni wa kwetu. Msitu wa Rondo, hapa mkoani Lindi, ulisifika kwa mivule, ikavunwa sana karne iliyopita, na leo kuuona mkubwa uliosimama ni bahati. Mimi kazi yangu ni kitalu na bustani, na huu ndio utaratibu ninaoufuata.

Hatua ya 1: Pima eneo kwanza

Mvule uliokomaa hufika mita 30 na zaidi, wengine hukaribia 50. Mwenye kiwanja cha 20 kwa 20 namshauri apande mlimao, tubaki marafiki. Mvule unafaa shuleni, hospitalini, uwanja wa msikiti au kanisa, hoteli yenye eneo. Kutoka ukutani mimi sishuki chini ya mita 15, na mbali zaidi na shimo la choo na bomba la maji.

Udongo uwe na kina na usituamishe maji. Mchanga mwekundu wa uwanda wa Makonde unafaa. Ukiwa ufukweni, kwenye mwamba wa matumbawe na upepo wa chumvi, achana nao. Panda mtondoo, nao ni mti wa pwani hii.

Hatua ya 2: Jike au dume?

Hapa ndipo wengi hawaulizi. Mvule una mti dume na mti jike. Dume huangusha maua meupe marefu kama mikia. Yakikauka unafagia, basi. Jike huzaa matunda ya kijani yenye umbo la kidole kinene, laini, na popo huyapenda mno. Kinachofuata usiku juu ya paa la gari huhitaji kuambiwa. Jike namweka pembeni, karibu na vichaka, ambako popo watasambaza mbegu bila kumkera mtu.

Mche wa mbegu huwezi kuujua jinsia mpaka utoe maua, na hiyo ni miaka mingi. Kwa hiyo mti wa maegesho nauotesha kwa pingili za machipukizi ya kisiki cha dume ninayemfahamu. Pingili hufuata mama yake, au tuseme baba yake.

Hatua ya 3: Mbegu

Okota matunda yaliyoiva, yaliyoanguka karibuni. Yaloweke kwenye ndoo, yaponde kwa mkono, kisha chuja kwa wavu mdogo. Nyama na mbegu pepe huelea, mbegu nzima huzama. Ni ndogo sana, kwa hiyo usimwage maji kwa pupa. Anika kivulini na usie mapema, kwa sababu zikikaa hovyo hupoteza uhai haraka.

Sia juu ya mchanga uliochanganywa na udongo wa msituni, funika kwa mchanga kidogo tu, mwagilia kwa kunyunyiza. Huanza kuota baada ya wiki mbili au tatu. Miche ikipata majani mawili hadi manne, hamishia kwenye viriba, yaani mifuko ya nailoni ya kukuzia miche.

Hatua ya 4: Vinundu

Mvule mchanga una adui mmoja mkubwa, mdudu mdogo aitwaye Phytolyma. Hutaga kwenye majani machanga, na makinda yake yakiingia ndani ya jani, jani huvimba na kuwa kinundu cha kijani. Ukikipasua utayakuta humo. Kikipasuka chenyewe huoza, na ncha ya mche hufa nacho.

Kagua miche kila baada ya siku chache, nyofoa vinundu vikiwa bado vigumu, vichome moto. Weka kitalu chini ya kivuli chepesi, na usirundike mivule mahali pamoja. Ikichanganywa na miti mingine hushambuliwa kidogo. Ncha ikishakufa, mche hutoa machipukizi kadhaa: bakiza moja lililonyooka, mengine kata.

Hatua ya 5: Kupanda

Huku mvua ni msimu mmoja, kwa hiyo panda Desemba au Januari, ardhi ikishaloa vizuri. Shimo la sentimita 60 kila upande, samadi iliyooza ichanganywe na udongo wa juu. Chana kiriba chote. Nimefukua miche iliyodumaa nikakuta nailoni bado imebana mizizi. Aliyepanda alikuwa na haraka ya kwenda kula.

Zungushia uzio, maana mbuzi wa mjini hawana mchungaji. Tandaza majani makavu, ila yasiguse shina, mchwa wasipate njia.

Hatua ya 6: Kiangazi cha kwanza

Kuanzia Juni hadi mvua zirudi, ndoo moja ya lita 20 kwa wiki, jioni. Mti mkubwa ukipukutisha majani kiangazi usiite fundi wa msumeno. Mvule hufanya hivyo, kisha huchipua.

Matawi ya chini punguza kidogo kidogo kadiri shina linavyopanda, ili watu wapite chini. Na waambie warithi: hata mvule wa uani, kuukata na kusafirisha magogo yake kunataka kibali cha misitu.