Somo: Kuchagua kipimakina cha boti ndogo ya tanga inayokaa kwenye trela

Kipimakina changu cha kwanza kiliishi siku moja. Nilikinunua kwa sababu ya skrini tu: rangi zinang'aa, samaki wanachorwa kama miezi miandamo. Fundi akaifunga transdusa, yaani kile kidude kinachotuma mlio majini na kusikiliza mwangwi wake, chini ya boti, katikati, kazi safi kabisa. Hakuna kati yetu aliyekumbuka trela. Siku ya kuishusha boti pale Kilifi, rola ya nyuma ikapita juu yake na tukasikia "ka!" mara moja. Boti ikaelea, skrini ikawaka, samaki hakuna, kina hakuna. Fedha ya miezi miwili ilibaki imeng'ang'ania rola.

Boti yenyewe ni ya faiba, futi 21. Mkuku wake, yaani lile pezi la chini ya boti, unapandishwa kwa winchi: ukiwa juu, boti inapita kwenye maji ya sentimita 60, na ukishushwa wote inataka mita 1 na nusu. Boti nyingi za aina hii zina vipimo vya karibu na hivyo. Catalina 22 yenye mkuku wa kupandisha, kwa mfano, ni sentimita 61 na 152. Zijue namba mbili za boti yako kabla ya kuingia dukani, maana ndizo zitakazokuongoza mpaka mwisho wa somo hili.

Hatua ya 1: Soma kina kidogo, achana na kina kikubwa

Muuzaji atakwambia mashine inafika mita 300 au 500. Mwache amalize, kisha muulize inaanza kusoma wapi. Sisi tunakaa kwenye mita 0 hadi 20. Nje ya mwamba, kina kikishazidi hapo, hakuna kitakachougusa mkuku wako. Vipimakina vingi vinaanza kusoma kwenye sentimita 60 hadi 80 chini ya transdusa. Chini ya hapo vinatoa vistari tu, au namba ya uongo, ambayo ni mbaya zaidi. Sababu ni kwamba mlio majini huenda karibu mita 1,500 kwa sekunde. Kwenye kina cha sentimita 60, mwangwi unarudi kabla ya elfu moja ya sekunde kwisha, na transdusa yenyewe bado inatetemeka kwa mlio wake. Mtu anayepiga kelele hamsikii anayemjibu.

Kuhusu masafa, yaani mlio unatetemeka mara ngapi kwa sekunde, chagua kilohezi 200. Kilohezi 50 ni za wavuvi wa maji makuu: mlio wake unafika mbali lakini hauoni vitu vidogo vizuri. Koni ya mlio yenye nyuzi 20 inatosha. Kwenye kina cha mita 3 inamulika duara la kama mita 1, kwenye mita 10 duara la mita 3 na nusu, na boti ikilala kidogo kwa upepo bado mwangwi unarudi.

Hatua ya 2: Chagua mahali kwanza, mashine baadaye

Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Njia ya kwanza ni kutoboa ganda na kupitisha transdusa chini. Inasoma vizuri kuliko zote. Lakini boti ya trela inapita juu ya rola na mbao kila safari, na kitu chochote kinachochomoza chini kinatafuta kukatwa. Ukitaka kutoboa, kwanza pandisha boti kwenye trela, lala chini yake na chokaa mkononi, uchore kila mahali rola na mbao zinapogusa, boti ikiwa imetulia na pia inapovutwa. Sehemu itakayobaki nyeupe ni ndogo kuliko unavyodhani.

Njia ya pili ni kuifunga kwenye ubao wa nyuma, karibu na usukani. Ni rahisi, haitoboi chini ya maji sana, na ukipenda unaiondoa. Kasoro zake: ukienda mbio kidogo, maji yanayotoka kwenye usukani na injini ya nje yanajaa mapovu, na mlio haupiti kwenye hewa. Boti ikilala upande, transdusa inaweza kutoka majini kabisa ikawa inapima upepo. Ifunge upande usio na injini, chini kiasi cha kutosha, na ihakikishe haivuki ukingo wa chini wa ganda, la sivyo utakapopanda kwenye trela utaisikia "ka!" yangu.

Njia ya tatu, niliyoishia kwayo, ni kuiweka ndani ya boti ipige mlio kupitia faiba. Hakuna tundu, hakuna kitu cha kugongwa na rola, hakuna kombe wala mwani wa kukwangua. Sharti ni faiba ngumu tupu. Kama kati ya tabaka za faiba kuna mbao laini au povu, mlio unafia humo humo. Chagua mahali mbele ya mkuku, ili mkuku ukishuka usikae katikati ya koni.

Kabla ya kuganda chochote, jaribu. Jaza mfuko wa plastiki maji, utumbukize transdusa ndani yake, ubane mfuko kwenye sakafu ya ganda iliyolowa. Nenda mahali unapojua kina chake. Namba ikikaa imara, weka alama kwa penseli. Isipokaa, sogea sentimita 20 ujaribu tena. Mimi nilijaribu sehemu tano. Ukipata pazuri, paka epoksi polepole, ukizungusha transdusa ili hewa itoke. Povu moja dogo chini yake linatosha kukuharibia kazi yote. Silikoni laini si nzuri hapa.

Hatua ya 3: Umeme

Hesabu tu. Kipimakina kidogo kinakula kama ampea 0.3 kwa volti 12. Betri ya ampea-saa 7 ukiitumia nusu inakupa karibu saa 12 za kazi. Weka fyuzi karibu na betri.

Hatua ya 4: Namba au picha?

Maoni yangu, na najua wengine watanipinga: boti ya tanga inahitaji namba kubwa inayosomeka ukiwa umeshika usukani kwa mkono mmoja na kamba ya tanga kwa mwingine. Picha ya chini ya bahari inakuita uitazame, na wakati unaitazama huangalii mbele. Nenda dukani na miwani yako ya jua ya kukata mng'ao. Skrini nyingine zikitazamwa kwa miwani hiyo huwa nyeusi tii, hasa ukiinamisha kichwa, na jambo hilo halimo kwenye tangazo. Tafuta pia alama ya IPX7, maana yake mashine inastahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30. Chini ya hapo usinunue. Kama bei ya picha na ya namba ni sawa, chukua ya picha uiweke kwenye ukurasa wa namba tu.

Kuna pia zile za mkononi, zenye umbo la tochi, unazotumbukiza majini ukabonyeza. Kwa anayeanza, au anayeazima boti, sioni ubaya wake. Tatizo ni kwamba utaitumia pale utakapokumbuka, na mahali unaposahau ndipo penye mwamba.

Hatua ya 5: Kuipatanisha na bildi

Mashine inapima kutoka ilipo transdusa. Unaweza kuiambia iongeze au ipunguze, ili isome kutoka usawa wa maji au kutoka chini ya mkuku. Vijitabu vingi vinakushauri chini ya mkuku. Kwa mkuku unaopanda na kushuka, mimi nasema hapana: leo mkuku uko chini, kesho umeupandisha nusu, na namba inakudanganya bila kosa lake. Iache isome kutoka usawa wa maji. Andika kwenye kipande cha plasta kando ya skrini: 0.6 JUU, 1.5 CHINI. Kengele nimeiweka mita 2 na nusu.

Kuipatanisha, tia nanga maji yakiwa matulivu, utupe bildi, ulinganishe kina chake na namba ya skrini. Ndiyo, bildi ile ile ya manahodha. Kamba isiyovutika, alama kila mita, risasi ya kilo moja mwishoni. Risasi ikiwa na tundu chini, lijaze sabuni ya kipande. Ikipanda juu itakuonyesha kama umekaa juu ya mchanga, tope au matumbawe, na skrini ya bei yetu haikwambii hilo vizuri hata siku moja.

Hatua ya 6: Namba ni ya sasa hivi tu

Mambo mawili. Kwanza, mashine inaona chini, haioni mbele. Kwa mwendo wa noti 4 unakwenda mita 2 kila sekunde, na ukuta wa matumbawe unaweza kutoka mita 10 hadi kifundoni katika urefu wa boti yako. Kwenye milango ya mwamba ingia jua likiwa juu na nyuma yako, na mtu asimame omo, mbele kabisa ya boti, atazame rangi ya maji.

Pili, bamvua. Pwani yetu ya Mombasa na Kilifi, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa kwenye saa kumi na kupwa kwenye saa nne, na tofauti yake hupita mita 3. Umefika saa kumi jioni, kipimakina kinasoma 3.5, umefurahi, umetia nanga. Maji yakipungua mita 3.3, saa nne usiku umebaki na sentimita 20. Umepwelewa, na boti imelala ubavu. Tena hayapungui sawasawa. Kwa bamvua la mita 3.6, saa ya kwanza hupungua sentimita 30, ya pili 60, ya tatu na ya nne 90 kila moja, kisha 60, kisha 30. Saa hizo mbili za kati ndizo zinazowapata watu wakila.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mwanza: *Mwalimu, sisi tuko ziwani. Kupwa na kujaa hatuna. Mashine ni hiyo hiyo?*

Ni hiyo hiyo, ndugu. Kwenye mipangilio chagua maji baridi badala ya chumvi, kama ipo. Ukisahau, kosa ni kama asilimia 3, kwenye mita 5 ni sentimita 15. Shida yenu ni mbili: mawe ya Mwanza yanayosimama wima, ambayo mashine inayaona ukiwa tayari juu yake, na gugu maji. Mizizi yake ina hewa, mlio unagonga hapo unarudi, na utasoma kina cha mita 1 mahali penye 8. Namba ikiruka hivyo, kwanza chungulia kando ya boti.

Mwanachama wa Pemba: *Shikamoo. Chombo changu ni mashua ya mbao. Naweza kuiweka transdusa ndani?*

Marahaba. Hapana, mbao hazipitishi mlio vizuri. Ifunge nyuma ukiwa na ubao wa nyuma. Ukiamua kutoboa, usitumie ya plastiki: mbao ikinywa maji inavimba na inaweza kuivunja. Chukua ya shaba nyeusi. Kwa chombo kilichochongoka kotekote, funga transdusa kwenye kigongo cha kuteremsha ubavuni, ukipandishe unapofika ufuoni.

Mwanachama wa Lamu: *Babu yangu anacheka. Anasema upondo unapima na kusukuma, mashine inapima tu.*

Mwambie babu nimekubali. Upondo wangu, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, una pete za rangi kila nusu mita, na nikiingia hori la Mida kwenye mikoko, kipimakina nakizima. Chini ya mita 1 hakuna mashine ya kuushinda.

Mwanachama wa Dar es Salaam: *Kaka, yangu ilisoma mita 3, nikashuka kusukuma boti, maji yakanifika kifuani. Mbovu?*

Si lazima. Kwenye kina kidogo na chini pagumu, mlio unarudi juu, unagonga usawa wa maji, unashuka tena na kurudi mara ya pili. Mashine ikiukosa mwangwi wa kwanza na kuudaka wa pili, inaonyesha kina maradufu. Punguza unyeti wake, au uiwekee mwisho wa kupimia uwe mita 10 badala ya kujipangia yenyewe. Uiangalie pia kama kuna boti jirani yenye mashine ya masafa hayo hayo, hupokezana milio.

Mwanachama wa Kilifi: *Simu yangu ina ramani yenye kina. Bado ninunue?*

Kina cha kwenye ramani ni cha maji yaliyopwa karibu kabisa, na kilipimwa siku nyingine. Mchanga wa midomo ya hori unahama kila kaskazi na kusi. Ramani ikuonyeshe njia, kipimakina kikwambie kama njia bado ipo.

Mwanachama wa Tanga: *Risasi ya bildi naipata wapi? Madukani wananishangaa.*

Usiombe bildi, omba chubwi, kwa wanaouza nyavu. Unganisha kadhaa mpaka zifike kilo. Nimeona mtu ametumia plagi za zamani za injini. Zinafaa, ila hazina tundu la kutosha sabuni.