Jinsi ya kusoma jibu la sifuri: dipoli ya umeme ya neutroni kwa kalamu na kalkuleta

Nafundisha fizikia kidato cha sita, na kila mwaka huwaandikia wanafunzi ubaoni jibu hili: (0.0 ± 1.1 ± 0.2) × 10⁻²⁶. Kipimo chake ni chaji ya elektroni mara sentimita. Ni ukubwa wa dipoli ya umeme ya neutroni, uliotolewa mwaka 2020 kutokana na vipimo vya Taasisi ya Paul Scherrer, Villigen, Uswisi. Swali huwa lile lile: wamehangaika hivyo wakapata sifuri? Mimi huwaambia watoe kalkuleta. Nawe chukua yako, ila kwanza chora.

Chora duara, ndiyo neutroni. Weka mshale wa spini, yaani mzunguko wake wa ndani, ukitazama juu. Pembeni yake weka mshale wa dipoli, nao ukitazama juu: chaji chanya imesogea juu kidogo, hasi chini, jumla yake ikibaki sifuri. Sasa urudishe muda nyuma. Kinachozunguka kulia kitazunguka kushoto, kwa hiyo mshale wa spini unapinduka. Chaji hazijahama, kwa hiyo mshale wa dipoli unabaki ulivyo. Mishale iliyokuwa ikielekea upande mmoja sasa inapingana. Neutroni zote ni za aina moja. Kama zina dipoli, basi sheria za asili hazifanani muda ukienda mbele na ukirudi nyuma. Kwa kanuni ya CPT (sheria hazibadiliki ukipindua chaji, C, kulia na kushoto, P, na muda, T, vyote kwa pamoja), kinachovunja ulinganifu wa muda kinavunja pia ulinganifu wa CP, ule wa kubadili chembe kuwa antichembe na kupindua kulia na kushoto kwa pamoja.

Usipite hapa bila kujiuliza kuhusu maji, kwa sababu molekuli ya maji ina dipoli na haivunji chochote. Dipoli ya maji haikufungwa kwenye spini. Molekuli ina hali nyingine za nishati iliyo karibu, na uga wa umeme huzichanganya. Neutroni haina hali za namna hiyo. Mwelekeo wake pekee ni spini.

Jambo hili ni kubwa kwa sababu ulimwengu umejaa maada na antimaada karibu haipo. Mwaka 1967 mwanafizikia Sakharov alionyesha kwamba hali hiyo inahitaji, pamoja na mambo mengine, uvunjaji wa CP. Uvunjaji ulioonekana mwaka 1964 na kundi la Cronin na Fitch huko Brookhaven ni wa kweli, lakini nadharia tuliyo nayo ikiueleza, unabaki mdogo mno kwa kazi hiyo. Dipoli ya neutroni ingetuonyesha chanzo kingine.

Sasa hesabu. Ndani ya uga wa sumaku wa mikrotesla 1, spini ya neutroni huyumba kuuzunguka uga huo karibu mara 30 kwa sekunde. Ongeza uga wa umeme wa volti 11,000 kwa sentimita, kama wa Villigen, kisha uugeuze uelekee upande wa pili. Dipoli ikiwepo, idadi ya mizunguko kwa sekunde itabadilika kwa 4dE ÷ h, ambapo d ni dipoli, E ni uga wa umeme na h ni namba ya Planck. Weka d = 1.8 × 10⁻²⁶, ambacho ndicho kikomo cha juu walichotangaza, na h = 4.14 × 10⁻¹⁵ elektronivolti-sekunde. Utapata 1.9 × 10⁻⁷. Igeuze: ni mzunguko mmoja wa ziada katika siku 60 hivi. Neutroni zao, zilizopozwa mpaka zikawa za mwendo wa pole kabisa, ziliachwa chomboni sekunde 180. Katika muda huo tofauti ni nyuzi 0.012. Hapo darasa hunyamaza.

Gawa tena 1.9 × 10⁻⁷ kwa 29, idadi ya mizunguko kwa kila mikrotesla. Uga wa sumaku ukitetereka kwa sehemu 7 tu katika bilioni, utaigiza dipoli hiyo. Ndiyo maana waliweka mvuke wa zebaki-199 ndani ya chombo kile kile. Atomi za zebaki nazo huyumba, kwa hiyo zinasoma uga ule ule ambao neutroni zinauhisi.

Iliyobaki ni ± 1.1, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Shaka ya kipimo kimoja ni ħ ÷ (2αET√N): ħ ni h ÷ 2π, α ni jinsi spini zinavyoonekana bayana mwishoni, T ni sekunde za kungoja, N ni neutroni zilizohesabiwa. Chukua α = 0.76, E = 11,000, T = 180, N = 11,400: utapata 2 × 10⁻²⁴. Walirudia kipimo mara 54,068. Gawa kwa kipeuo cha pili cha namba hiyo, karibu 233, na unafika 0.9 × 10⁻²⁶. Walitangaza 1.1. Kwa kalkuleta ya dukani umewakaribia! Ile ± 0.2 ni kasoro za vifaa, na kwa kuwa ni ndogo kuliko 1.1, unajua kilichowabana ni uchache wa neutroni.

Mwaka 1957 Smith, Purcell na Ramsey walifikia kikomo cha 5 × 10⁻²⁰ kwa dipoli hii hii ya neutroni, na tangu hapo nadharia nyingi zilizotabiri dipoli kubwa zimebanwa au kutupwa. Kupunguza ± 1.1 mara kumi kwa chombo kile kile kungetaka vipimo mara mia. Zidisha 5,406,800 kwa sekunde 180: ni zaidi ya miaka 30. Ndiyo sababu Villigen wamejenga kifaa kipya, n2EDM, chenye vyumba viwili vipana vilivyopandana, kila kimoja na uga wa umeme unaopingana na wa mwenzake.