Mabomba ya chuma yaliyozeeka: namna ya kuyapima, kuyatunza na kujua wakati wa kuyang'oa

Nyumba nyingi za zamani za mwambao, zilizojengwa kabla mabomba ya plastiki hayajaenea, bado zinapitisha maji katika mabomba ya chuma yaliyochovywa zinki. Penye maji yasiyo na chumvi, bomba la namna hiyo huweza kufikisha miaka 40 au 50. Likipitisha maji ya kisima cha chumvi, umri huo hupungua sana. Kwa hiyo mwenye nyumba asihesabu miaka tu, bali apime.

Anza na rangi ya maji. Alfajiri, kabla mtu yeyote hajafungua koki, kinga glasi moja, uache maji yatiririke dakika mbili, kisha ukinge ya pili. Ikiwa ya kwanza ni ya kahawia na ya pili ni safi, kutu imo katika mabomba ya ndani, ambamo maji yalilala usiku kucha. Zikiwa na rangi zote mbili, hasa siku maji ya mgao yanaporudi, chunguza kwanza tangi na bomba la mtaani kabla hujamruhusu fundi kubomoa ukuta.

Pima pia kasi. Jaza ndoo ya lita 20 kwenye koki iliyo karibu na tangi, kisha kwenye koki ya mbali iliyo kimo kile kile, na ulinganishe muda. Koki ya mbali ikichelewa mno, safisha kwanza kichujio cha mdomoni mwake; ikiendelea kuchelewa, mwambie fundi afungue kiungo kimoja, tena kiwe cha elbo (kiungo cha kona), atazame ndani. Kutu huota vinundu vigumu vinavyosogeleana kutoka pande zote, na nimeona bomba la nusu inchi lililobakiwa na tundu la kupitisha penseli tu ilhali nje bado linang'aa. Bomba la hali hiyo halisafishiki, na kumimina asidi ni kuharakisha matundu.

Kuvuja ni suala jingine. Funga koki zote na utazame mita: kidude kidogo cha usoni kikizunguka, maji yanapotea. Lakini nyumba yenye tangi la juu haitaambiwa lolote na mita kuhusu mabomba yaliyo baada ya tangi. Huko funga maji yanayoingia, weka alama ya kina cha maji ya tangi usiku, na ukague asubuhi.

Mahali pa kutilia shaka kwanza ni kwenye meno ya kiungo, yaani mifuo iliyokatwa mwishoni mwa bomba ili lifungwe kwa kuzungushwa. Bomba la nusu inchi la uzito wa kati lina ukuta wa milimita 2.6, na meno hukatwa kwa kina cha zaidi kidogo ya milimita 1, yaani karibu nusu ya chuma huondolewa, pamoja na zinki yake. Ndiyo maana kutu huchungulia hapo kabla ya kwingine. Ukiona doa la rangi ya chungwa linalolowa, usikikaze kiungo kwa nguvu, kwa kuwa meno yaliyolika hukatika na kubaki ndani ya soketi, yaani kiungo kinachopokea bomba. Kipande cha mpira wa tyubu kilichobanwa kwa klipu huzuia maji hadi fundi afike. Kisigeuzwe dawa ya kudumu.

Mabomba yaliyo wazi yasuguliwe kwa brashi ya waya na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, na yanayopita ukutani yasizungushiwe mchanga wa pwani, kwa sababu chumvi yake hula zinki. Bomba la shaba nyekundu lisiunganishwe moja kwa moja na la chuma, maana chuma ndicho kitakacholiwa.

Njia moja ikivuja mara ya tatu mahali tofauti, mimi hushauri ibadilishwe yote, badala ya kuunga kipande kipya kwenye meno mabovu. Kabla ya kuweka plastiki, mwite fundi umeme: katika nyumba za zamani waya wa ethi (unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini) wakati mwingine ulifungwa kwenye bomba la maji, na plastiki huikata njia hiyo pasipo mtu kutambua. Kazi ikiisha, ondoa vichujio vya koki na ufungue maji hadi yatoke meupe, ndipo uunganishe hita na mashine ya kufulia.